Mtazame Ethel, si Lucy

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Mengine nitayajibu baadaye, ila hili la Vivian Vance haliwezi kungoja. Umeandika kwamba katika I Love Lucy, ule mchezo wa kuchekesha wa runinga ya Marekani ambamo Lucille Ball alikuwa Lucy na yeye akawa rafiki yake Ethel, "alikuwa anasimama tu pembeni". Hapo tutagombana kidogo, maana kusimama kule kulimchukua karibu miaka 20 ya jukwaani kukujua.

Alizaliwa mwaka 1909 huko Cherryvale, Kansas, kwa jina la Vivian Jones. Alipokuwa Albuquerque, New Mexico, aliigiza katika jumba dogo la maigizo la mji ule, na wenyeji wakamchangia fedha aende New York kusoma kwa Eva Le Gallienne, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani. Le Gallienne hakumpokea. Basi akaingia Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, kwa mlango wa uani: kwanza mwimbaji wa korasi katika Music in the Air, 1932, kisha mwigizaji wa akiba wa nyota Ethel Merman katika Anything Goes, 1934. Kazi ya akiba usiidharau. Unakariri maneno, nyimbo na hatua za mtu mwingine, halafu usiku mwingi huitwi, na Merman hakuwa mtu wa kukosa onyesho. Lakini unasikia hadhira ileile ikicheka usiku baada ya usiku, mpaka unajua kicheko kinaanzia neno gani. Mwaka 1937 mwigizaji Kay Thompson aliondolewa katika Hooray for What! mchezo ukiwa bado unajaribiwa kabla ya kufika Broadway, na Vance akachukua nafasi yake. Kuanzia 1941 alikuwa na mchekeshaji Danny Kaye katika Let's Face It!, mchezo uliooneshwa mara 547. Hiyo ndiyo shule yake.

Julai 1951 Desi Arnaz, mume wa Lucille Ball na mwenzake katika I Love Lucy, alikwenda La Jolla, California, kumwona katika The Voice of the Turtle. Ball mwenyewe hakwenda, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Oktoba ileile kipindi kikawa hewani.

Sasa tuje kwenye ufundi. Walitumia kamera tatu za filamu ya milimita 35 kwa pamoja, mbele ya watazamaji wapatao 300. Kamera ya kati ilichukua picha pana, za pembeni zikachukua nyuso. Vicheko vya watu wale vimo ndani ya sauti ya mchezo. Kwa hiyo ukisema neno lako kicheko kikiwa kileleni, limezama na mhariri hana la kuokoa. Ukingoja kimya kitulie kabisa, mchezo umepoa. Neno linaingia pale kicheko kinapoanza kushuka. Na kabla ya hapo mwili lazima uwe na shughuli, la sivyo unaonekana unangoja zamu yako. Wengi huharibu hapo.

Tafuta ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti, ya mwaka 1952. Lucy na Ethel wako kazini kufunga chokoleti, nao wameambiwa ikipita hata moja bila karatasi, kazi hawana. Mara ya kwanza itazame ucheke. Mara ya pili funika upande wa Lucy kwa kiganja, umwangalie Ethel peke yake. Hofu yake ni ya mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa, haombi kuchekewa. Angeomba, macho ya watu yangegawanyika na Lucy angekosa pa kuegemea.

Kisha itafute ya bafu, ya 1963, katika The Lucy Show, kipindi cha baadaye cha Ball na Vance. Maji yanajaa, wamo ndani wote wawili, Ball anapiga mbizi kuzibua tundu. Kwa maelezo ya Ball mwenyewe, alishindwa kujiinua. Vance akamvuta juu, akaendelea kusema maneno ya kubuni mpaka mwenzake akapata pumzi. Kamera hazikusimama.

Kuhusu mkataba uliosikia, eti ulimlazimisha awe mnene: ulikuwa karatasi ya utani aliyoandikiwa na Ball, watu wakaigeuza kweli. Kilichomkera kweli ni kuwa mke, ndani ya mchezo, wa William Frawley, mwigizaji aliyemzidi miaka 22. Nje ya kamera hawakupatana. Ilipopendekezwa wapewe kipindi chao wawili, Vance alikataa. Na aliporudi na Ball mwaka 1962, katika The Lucy Show, alidai mhusika aitwe Vivian na avae nguo nzuri. Mhusika huyo alikuwa mwanamke aliyeachika, jambo ambalo runinga ya Marekani ilikuwa bado inalikwepa.

Tuzo ya Emmy, ya runinga ya Marekani, aliipata Februari 1954, mwaka wa kwanza kutolewa kwa waigizaji wasaidizi wa kike.

Anza na chokoleti. Bafu liache mpaka kiganja kizoee.

Wako,
Mwanaidi