Plagi ya chini inatoa moto mwekundu: nianze na kondensa au sili?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie mafundi wa mashine za boti, hasa wa Mwanza na Kigoma ambao wanazishika kila siku. Mimi ni mvuvi wa bwawa la Mtera, upande wa Dodoma. Huku fundi tunayemtegemea ni wa pikipiki. Anajitahidi na simdharau, ila kwa mashine hii tumefika mahali kila mtu anakisia, na makisio yanakula hela.

Mashine ni ya zamani, nguvu farasi 15, tustroku, silinda mbili, ya kuvuta kamba. Ni ya platini, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe moto, si ya sidiai, yaani ya moto wa kielektroniki. Kila silinda ina platini yake, kondensa yake (kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye platini) na koili yake ya kukuza umeme wa plagi, ila flaiwili, lile gurudumu zito la juu lenye sumaku, ni moja kwa zote mbili. Aliniachia baba mdogo alipoacha uvuvi kwa sababu ya macho. Mwaka jana wote ilikaa imening'inizwa ndani, mimi nikiwa Dodoma mjini kwenye kazi za ujenzi. Niliporudi mwezi wa pili nikaifunga kwenye mtumbwi, ikawaka mvuto wa tatu. Nilifurahi sana.

Siku ya nne ikaanza. Asubuhi inawaka vizuri, inakwenda kama dakika 25, halafu inapungua nguvu na kutembelea silinda moja. Ukiizima ikapoa nusu saa, inarudi. Plagi ya juu naikuta kavu, ya rangi ya kahawia. Ya chini imelowa petroli.

Baba mdogo alinifundisha kuangalia moto kabla ya kugusa kabureta. Nikaegemeza plagi kwenye bloku, mdogo wangu akavuta kamba. Ya juu inatoa moto wa bluu, na unausikia ukipiga. Ya chini unatoka uzi mwembamba, mwekundu kuelekea njano, hauna sauti. Najua moto unaoruka hewani unaweza kushindwa ndani ya silinda penye mgandamizo, kwa hiyo nilichukua plagi mbovu nikaikunjua ncha mpaka mwanya ukawa kama milimita 6. Upande wa juu moto unaruka. Upande wa chini hauruki hata mara moja.

Nilichofanya mpaka sasa: nimebadilishana plagi, kisha nikanunua mpya mbili, ugonjwa ukabaki chini. Mgandamizo nimeupima kwa kidole gumba kwenye tundu la plagi, uko sawa kote. Oili naweka mililita 400 kwa lita 20 za petroli, kama siku zote. Waya wa swichi ya kuzimia niliuchomoa nikihofia unagusa bodi, hakuna tofauti. Waya wa plagi ya chini ulikuwa na kutu ya kijani ndani ya kofia. Nikakata sentimita moja, nikaikaza kofia upya. Moto ukaongezeka kidogo kwa siku mbili, basi. Mwisho nikahamisha koili, ya juu chini na ya chini juu. Ubovu haukuifuata koili. Hapo nikaamini tatizo liko chini ya flaiwili.

Kuifungua ndiko kunaniuma mpaka leo. Hatukuwa na pula ya kuing'olea, na fundi akaitoa kwa nyundo. Nilisimama pale nikiangalia, na nilipaswa kumzuia.

Platini ya juu ni safi. Ya chini, uso mmoja una kilima kidogo kama punje ya ulezi, na uso unaoutazama una shimo la ukubwa uleule, kana kwamba chuma kimehama upande mmoja kwenda mwingine. Bamba lililo chini yake lina utelezi wa oili, nyembamba, ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Nilipiga msasa laini, nikafuta kwa petroli, nikapima mwanya kwa fila, vile vibamba vya kupimia, milimita 0.35. Tukarudisha flaiwili. Siku hiyo mashine ilivuta kama zamani, tukaleta perege na kambale kabla ya wanunuzi kuondoka. Kesho yake ikarudi kulekule.

Jioni giza lilipoingia nikachungulia kwenye dirisha la flaiwili wakati mdogo wangu anavuta kamba. Platini ya chini inarusha cheche kubwa nyeupe kila inapoachana. Ya juu inatoa kidoti tu, unaweza usikione.

Sasa fundi anasema sumaku ya flaiwili imekufa kwa sababu ya nyundo, ninunue flaiwili iliyotumika kwa laki tatu na nusu. Mimi nasita. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya nyundo, na kama sumaku zimechoka, mbona upande wa juu moto bado ni wa bluu? Kwa akili yangu kondensa ya chini ndiyo imekufa, ndiyo maana cheche inakwenda kwenye platini badala ya kwenye plagi. Lakini ule utelezi nao unanipa wasiwasi kwamba sili ya juu ya krenki, ule mpira unaozuia oili isipande kwenye shafti, inavuja na kuchafua platini, na nikiweka kondensa mpya itaharibika palepale.

Naomba mniambie. Nianze na kondensa au sili? Kondensa ya mashine hii Dodoma nimeikosa. Je, ya gari la zamani la platini inaweza kushika, au itaila platini? Nikihamisha kondensa ya juu kuiweka chini, jinsi nilivyofanya kwa koili, kipimo hicho kitanipa jibu la kuaminika? Na yupo anayejua namna ya kupima koili iliyokaa chini ya flaiwili, si zile za nje nilizohamisha, kwa mita ya kawaida, ikiwa bado ya moto?

Kwa sasa tunapiga makasia na hatuendi mbali. Upepo wa mchana ukianza, sehemu yenye visiki vya miti iliyozama si ya kuzimikiwa na mashine, na mdogo wangu hajui kuogelea vizuri. Kuhusu ile flaiwili ya kununua, nimeahidi kutoa jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mvuvi,
Mtera, Dodoma