Maji safi yanatosha kwenye matairi ya trekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye matrekta wenzangu wa Mbarali na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla, maana mvua zinakaribia na kila mtu yuko kwa fundi. Nataka tuzungumzie kile tunachojaza ndani ya matairi ya nyuma ili trekta lipate uzito.

Trekta jepesi likiingia na plau kwenye udongo mweusi wa Usangu, matairi yanazunguka bila kusogea, dizeli inaungua bure na meno ya tairi yanalika. Ndiyo maana tunatia maji, na hilo ni jambo jema. Tairi la saizi ya 16.9-30 likijazwa robo tatu linabeba zaidi ya lita 200, yaani zaidi ya kilo 200 kila upande, bila kununua vyuma vya uzito. Tena uzito huo unakaa chini, kwa hiyo wanaolima kwenye miteremko ya Mufindi nao wananufaika.

Ninachokipinga ni kutia dawa ya rejeta. Huku kwetu Igurusi nimeikuta kwenye gereji zaidi ya moja, na mteja anaambiwa inazuia maji yasigande. Yagande wapi? Usangu hakuna baridi hiyo. Hata Kitulo na Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai majani huamka meupe kwa sakitu, baridi ni ya usiku tu na jua likipanda inayeyuka. Lita 200 zilizofungwa ndani ya mpira haziwi barafu kwa usiku mmoja kama huo. Mkulima wa Kanada ana miezi ya barafu mfululizo, naye ana haki ya kutafuta dawa. Sisi tunanunua kinga ya ugonjwa ambao hatuna.

Na kinga yenyewe ni sumu. Dawa nyingi za rejeta zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, na hatari yake kubwa ni kwamba ni tamu. Mnyama akiionja haachi. Kiasi cha nusu kikombe kinaweza kumuua mtu mzima, na mtoto hahitaji hata hicho. Mwaka jana fundi mmoja alifungua tairi lenye pancha kando ya barabara kuu, akaacha maji ya kijani yatiririke mtaroni. Mbwa wawili wa jirani wakayalamba. Jioni walikuwa wanayumba, watu wakahofia kichaa cha mbwa, na siku chache baadaye wote walikuwa wamekufa. Sumu hiyo huua figo. Mtaro ule unaingia kwenye mfereji ambao ng'ombe wanakunywa na watoto wetu wanaogelea. Mimi siwezi kulinyamazia jambo hilo.

Wapo pia wanaotia chumvi ya kalsiamu. Ni kweli inaongeza uzito, lita moja hufika kilo 1.2 au zaidi. Lakini tyubu ikitoboka hata kidogo, maji yale yanakula rimu kutoka ndani, na utakapoona kutu nje ujue rimu imekwisha. Mimi sioni faida yake hapa.

Wanaonunua matrekta yaliyotumika kutoka Ulaya wawe waangalifu zaidi. Wakati mwingine matairi yanakuja na kimiminika cha huko ndani yake. Ukiona ukoko mweupe na kutu kwenye valvu, shuku chumvi. Yakitoka ya kijani au ya rangi nyingine ya kung'aa, shuku dawa ya rejeta. Yakinuka kama spiriti, huenda ni methanoli, ambayo ni sumu na inashika moto, basi ondoa sigara na jiko la mkaa hapo. Usionje kamwe, wala usinyonye kwa mdomo kupitia mpira.

Kumwaga kwenyewe ni kazi ya utulivu. Trekta lisimame pa tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, ekseli ikae juu ya stendi au magogo imara, si jeki peke yake. Zungusha tairi valvu iwe chini, simama pembeni, kisha legeza kidogo kidogo, kwa sababu upepo wa ndani unaweza kukirusha kipini cha ndani ya valvu usoni. Maji yanayotoka yakinge kwenye pipa lenye mfuniko. Wakati wa kujaza, valvu iwe juu, tia maji yaliyochujwa hadi yaanze kutokea kwenye valvu, halafu malizia kwa upepo kufuata kitabu cha trekta. Usijaze zaidi ya hapo: tairi lisilo na nafasi ya upepo linakuwa gumu na kila shimo unalisikia mgongoni. Maji ya mfereji yenye tope yaache, yanaziba valvu.

Halafu kuna kuchomelea. Rimu isichomelewe kamwe tairi likiwa limevaliwa, hata kama upepo umetolewa. Joto linaufanya mpira utoe gesi, gesi inashika moto, na tairi linalipuka kwa nguvu ya kuua waliokaribu. Tairi livuliwe kwanza, basi.

Nawaomba maofisa ugani wa kata waliweke jambo hili kwenye mikutano yao ya kabla ya msimu, na wenye gereji waache kumwaga mtaroni. Kwa wenzangu wenye matrekta, ombi langu ni dogo na gharama yake ni kopo la rangi: andikeni kwenye rimu, kwa herufi kubwa, kilichomo ndani na mwaka kilipotiwa, ili fundi atakayelifungua tairi hilo baada ya miaka mitano ajue anashika nini.

Mwenye trekta la kukodisha,
Igurusi, Mbarali, Mbeya