Mchicha wa elfu tano

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mchungaji mwenzangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku sote wazima, ila mgongo unalalamika, na leo kosa si la mimbari.

Ibada ya kwanza usharikani saa moja, ya pili nikaongoza kule mtaani saa nne, chini ya mabati yale unayoyajua. Joto lake halisimuliki. Kwaya ya vijana wakaimba nyimbo tatu badala ya moja, matangazo yakawa marefu kuliko mahubiri. Nilibatiza watoto wawili. Mmoja akaning'ang'ania kola mpaka mama yake akaja kumbandua.

Lakini nakuandikia habari ya mchicha. Ulinicheka, ukasema mchanga wa Kigamboni ni wa minazi tu. Mara ya kwanza ulipatia: nilimwaga samadi mbichi ya kuku, miche yote ikaungua. Safari hii samadi nimeiacha ioze miezi miwili, nikachimba vitalu vya kuzama kidogo, maana ukiinua tuta huku, maji yanapita kama kwenye chujio. Mbegu nikazichanganya na mchanga mkavu ndipo nikasia, la sivyo zinaanguka rundo sehemu moja. Siku ya nne zikachungulia.

Leo alfajiri, kabla sijavaa kanzu, nikang'oa mafungu kumi, umande bado mbichi, nikayapeleka kama malimbuko. (Usiniulize kama nilihubiri mfano wa mpanzi. Nilijizuia.) Ibada ilipoisha, mnada ukaanza pale nje. Mzee wa kanisa mmoja akapandisha fungu la mwisho hadi elfu tano! Sokoni la namna ile ni mia tano. Akalipa, kisha akaja kunikabidhi mbele za watu: "Mchungaji, kaleni mboga na mama."

Basi jioni tumekula mchicha wangu mwenyewe, wa nazi, kwa elfu tano ya mtu mwingine. Mama watoto alicheka hadi akaiweka mbuzi chini.

Sasa shida imebaki kwa kunguru. Papai likianza kupiga manjano tu, wameshalitoboa. Moja nimelivisha mkono wa kanzu kuukuu. Majirani wakipita wanalisalimia.

Ukishuka kutoka Lushoto mwezi ujao niletee mbegu za karoti, nijaribu hivyo hivyo. Mimi nitakufungia marando ya matembele, ingawa najua baridi ya huko itayaua.

Msalimie mama na watoto.

Wako katika Bwana,
Jirani yako wa bwenini