Fedha za kiwanda zisifungie tasnifu kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ufadhili wa shahada za uzamivu unaotolewa kwa ubia wa vyuo vikuu na kampuni, hasa katika fani yangu, uhandisi wa bayomateriali. Sisi hushughulika na vitu vya kukaa ndani ya mwili wa mtu: skrubu za mifupa, nyonga bandia, lenzi za macho. Nimesimamia wanafunzi waliolipiwa na kampuni na wengine waliolipiwa na serikali. Wapo wanaosema fedha za kiwanda huchafua utafiti, kwa hiyo zikataliwe. Siafikiani nao hata kidogo. Kinachonikera mimi ni kipengele kimoja cha mkataba, na nitakifikia.

Kwanza, tunawahitaji wenye viwanda. Chukua skrubu ya polilaktidi, ile inayoshikilia mfupa uliovunjika kisha inayeyuka yenyewe mwilini. Iweke kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37. Kwa muda mrefu itaonekana nzima, na mizani itakupa uzito ule ule. Kumbe ndani maji yanakata minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazoiunda plastiki hiyo, na siku ukiibana kwenye mashine ya kupinda inavunjika kama chaki. Nguvu hutangulia kwisha, uzito hupungua baadaye. Isitoshe, kabla ya kufika chumba cha upasuaji skrubu lazima iuliwe vijidudu, na mionzi ya gama inayotumika mara nyingi kwa kazi hiyo nayo hukata minyororo ile ile. Mwanafunzi aliyenunua polima ya maabara na kuiosha kwa alkoholi anapima kitu ambacho hakuna daktari atakayempachika mgonjwa. Kampuni ndiyo yenye polima halisi, kumbukumbu za kila fungu lililotoka kiwandani, na watu wanaojua kwa vitendo viwango vya ISO 10993, vile vya kimataifa vya kupima usalama wa vifaa tiba mwilini, vinadai nini kabla kifaa hakijagusa damu au mfupa.

Historia ya fani hii imejaa ushirikiano wa namna hiyo. Daktari wa macho Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza ya akriliki ndani ya jicho mjini London mwaka 1949, lenzi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Rayner. Daktari wa upasuaji wa mifupa John Charnley alianza nyonga zake bandia kwa kutumia plastiki ya PTFE (Teflon), ambayo ilisagika haraka na vumbi lake likadhuru nyama iliyoizunguka. Plastiki iliyomwokoa, polithini ngumu, ililetwa hospitalini na mfanyabiashara aliyekuwa akiiuza kwa ajili ya gia za mashine za viwandani. Charnley hakuitamani, fundi wake, Harry Craven, ndiye aliyeiweka kwenye mashine ya kupima usagikaji. Na kuna jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka: mwaka 1963 Charnley aliandika waziwazi katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya madhara ya ile PTFE aliyokuwa ameitumia yeye mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kumpa kibali cha kusema.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia hakuwa na uhuru huo. Kampuni iliyomfadhili ilimpa skrubu za majaribio, akaonyesha kwamba aina mojawapo, ikishapigwa mionzi, hupoteza nguvu mapema mno kwa mfupa unaochelewa kuunga. Kazi safi, iliyorudiwa na kuhakikiwa. Lakini mkataba kati ya chuo na kampuni ulisema hakuna matokeo yatakayochapishwa bila idhini ya maandishi ya mfadhili, wala haukutaja muda. Kampuni haikukataa. Ilinyamaza tu. Barua zikaenda, majibu hayakurudi, na ili atahiniwe kwa wakati sura yenye matokeo hayo ikatolewa kwenye tasnifu. Alihitimu, ndiyo. Sura bora kuliko zote imebaki kwenye kabati langu, na maabara nyingine huenda sasa hivi inarudia kosa ambalo yeye alishaligundua.

Sisemi kampuni isiwe na siri. Kanuni ya kuchanganyia polima ni mali yake, na katika nchi nyingi ukichapisha kabla ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, umeipoteza. Basi ipewe miezi mitatu ya kusoma andiko na kuwasilisha maombi yake. Muda huo ukipita kimya, kimya kihesabiwe kuwa idhini. Majina ya michanganyiko yafichwe kwa herufi, A na B, inatosha. Lakini matokeo yanayohusu usalama wa mgonjwa yasiombewe kibali cha mtu yeyote. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake bandia za ASR zilizokuwa zikishindwa mapema mno mwilini, na rejista ya viungo bandia ya Australia ilikuwa imekwisha kuonyesha kasoro hiyo mapema. Takwimu zilizo mikononi mwa watu wengi huwahi kuona hatari.

Kuhusu fedha zenyewe, Ufaransa ina mpango wa CIFRE tangu 1981: kampuni humwajiri mwanafunzi kwa miaka mitatu, serikali huichangia kampuni, na maabara ya umma husimamia utafiti. Huo ni mkataba wa ajira, si ahadi ya posho inayoweza kukauka katikati ya mwaka wa pili bosi mpya akiingia. Kwingineko, chuo kidai fedha za mwaka mzima ziwekwe mapema.

Kwa vijana mnaojaza fomu za ufadhili wa aina hii: ombeni nakala ya mkataba kati ya chuo na kampuni. Barua ya ufadhili peke yake haitoshi, kwani kwa kawaida hutaja ada na posho tu. Kipengele cha uchapishaji kimo kwenye ule mkataba mwingine, ambao mara nyingi hamwonyeshwi. Someni mahali palipoandikwa nani anaruhusu kuchapisha, na ndani ya muda gani. Pasipotajwa muda, ulizeni kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Msimamizi wa tasnifu,
Maabara ya polima za tiba