Hawa hakuua mtoto wa mtu

Morogoro, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari za Songea, habari za mama na presha yake? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Mvua zimekatika mapema na mahindi ya bondeni yameanza kusinyaa, ila hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nina jambo limenikaa kooni.

Unamkumbuka yule binti wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitufuata kisimani na kindoo chake? Amejifungua, na kichanga kikafariki usiku uleule, kabla mtu hajakumbuka maji ya ubatizo. Tukiwa msibani, mama mmoja wa jumuiya yetu, tena anayempenda yule binti kwa dhati, akamwambia: "Vumilia mwanangu, tangu Hawa alipolila lile tunda sisi wanawake tunalipa." Mwingine akadakia kwamba mtoto kaondoka na dhambi ya asili, ile tunayozaliwa nayo tangu Adamu, tumwombee sana. Binti hakulia. Alinigeukia akaniuliza, "Mama mdogo, mwanangu alikula nini?"

Somo, sikuwa na la kumjibu pale mkekani. Nilimkumbatia tu. Usiku nikafungua Mwanzo, sura ya pili na ya tatu, na tangu hapo sijaiacha. Wewe uliyesoma kwa masista miaka yote ile, nisikilize halafu uniambie kama nimepotoka.

Kwanza, katazo alipewa Adamu, Hawa hajaumbwa bado. Halafu tazama nyoka alivyoanza. Mungu alisema kuleni matunda ya kila mti isipokuwa mmoja. Nyoka akauliza kama ni kweli Mungu amewakataza miti yote. Bustani nzima waliyopewa ikafichwa nyuma ya mti mmoja! Nadhani dhambi iko hapo, kabla ya tunda kuchumwa: waliaminishwa kwamba Baba yao ni mchoyo, anawabania kitu kizuri. Katekisimu ya 1992, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inasema karibu hivyohivyo, kwamba mwanadamu aliacha imani yake kwa Muumba ife moyoni mwake. Kwa hiyo hata wanaosema Mungu aliogopa watu wasipate akili, mimi siwaelewi. Adamu alikuwa na akili tosha ya kuwapa majina wanyama wote. Kilichovunjika ni kuaminiana.

Na vijana wa kwaya wanaochekeana kila "tunda" linapotajwa, wakidhani ni mambo ya chumbani, wasome sura ya kwanza. Zaeni mkaongezeke ni baraka iliyotolewa kabla ya nyoka kufungua mdomo. Tufaha nalo halimo kabisa, ni wachoraji tu.

Lakini lililonikamata ni hili. Mungu alipomuuliza Adamu kama amekula, Adamu alijibu nini? Huyo mwanamke uliyenipa. Yaani mtu wa kwanza duniani kusema kosa ni la Hawa ni Adamu mwenyewe, aliyetoka mafichoni muda huohuo, na hapohapo anamrushia lawama na Mungu aliyempa mke. Sasa sisi tunakaa msibani tunarudia utetezi wa Adamu kana kwamba ni neno la Bwana! Mungu anamlaani nyoka, anailaani ardhi. Mwanamke anaambiwa habari ya uchungu na ya kutawaliwa, lakini neno laana halitamkwi juu yake. Hata Paulo anapowaandikia Warumi, sura ya 5, kwamba dhambi iliingia kwa mtu mmoja, anayemtaja ni Adamu. Ile ya barua kwa Timotheo, kwamba aliyedanganywa ni mwanamke, inanisumbua bado, nitakuuliza.

Nirudi kwa kichanga, maana ndiye aliyenikalisha hapa. Paroko wetu wa zamani, yule wa pikipiki, aliwahi kutufundisha kwamba Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Hippo, mji wa nchi inayoitwa leo Algeria, alishindana sana na Pelagio. Pelagio alisema kila mtu anazaliwa safi kama Adamu alivyoumbwa, na anaweza kutenda mema kwa nguvu zake. Agustino akakataa, bila neema hatuwezi kitu. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418 ukamuunga mkono, na mimi namuunga mkono. Nikijitazama ninavyojua jema na nisilitende, naona kuna kitu kimepinda ndani yetu tangu mwanzo. Ila Agustino alifika mbali zaidi, akafundisha kwamba hata vichanga wasiobatizwa wanahukumiwa, ijapo kwa hukumu nyepesi kuliko zote. Hapo moyo wangu unagoma, Somo. Unagoma kabisa.

Na Kanisa lenyewe halikubaki hapo. Katekisimu, namba 405, inasema dhambi ya asili haina sura ya kosa binafsi kwa mzawa yeyote wa Adamu. Ni upungufu tunaozaliwa nao, kama mtoto anayezaliwa nyumba iliyokwisha ungua: hakuwasha yeye moto, ila hana paa. Namba 1261 inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na inakumbusha kwamba Yesu alisema waacheni watoto waje kwangu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia kule Roma, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ikaandika kwamba zipo sababu nzito za kutumaini watoto hao wanaokolewa. Kutumaini, sawa, hawakusema tuna hakika. Lakini mbona tumaini hilo halikufika mkekani kwetu? Mbona kilichofika haraka ni deni la Hawa?

Ezekieli alishasema, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na kwenye picha takatifu za Waorthodoksi za Ufufuko, Kristo anawashika mikono Adamu na Hawa, wote wawili, anawavuta kutoka makaburini. Sisi wenyewe usiku wa Pasaka tunasikia Mbiu, ule wimbo wa kutangaza Pasaka, ikiliita kosa la Adamu kosa lenye heri, kwa sababu ya Mkombozi tuliyempata. Kisha tukirudi mtaani tunamwadhibu Hawa upya, kupitia binti asiye na mtoto wa kumnyonyesha. Sikubali. Hata yule Mungu wa bustanini, kabla ya kuwatoa nje, aliwashonea mavazi ya ngozi akawavika. Anayekuvika kabla hujatoka hajakuchukia.

Sasa nina ombi. Mwandikie yule binti. Mimi nimejaribu, lakini ananiona ni jirani tu, wewe anakuheshimu. Usimwandikie namba za Katekisimu, mwambie kwa maneno yako kwamba mwanawe hakula chochote. Ukiweza kuja kabla ya arobaini, akina mama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, wamenikubalia uongee nao, na nauli nitakusaidia.

Na unijibu haya: ile ya Timotheo wa kwanza, sura ya 2, ulifundishwa kuisomaje? Je, ipo ibada ya mazishi ya kichanga ambaye hakubatizwa, na tunaweza kumwomba paroko aifanye kaburini hata sasa? Yule mama aliyesema maneno yale nimfuate nyumbani kwake au nimwache hadi msiba upoe? Mdogo wako kapata uhamisho? Na kile kitenge ulichosema utanitumia, kilitoka Songea kweli au bado kiko sandukuni kwako?

Msalimie mama sana. Nasubiri barua yako.

Ni mimi,
Somo yako