Pesa zikiongezwa zifike hadi kwa shifti ya usiku

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya wenye nyumba za wazee hapa Massachusetts, Marekani, wakilia ati Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, inawalipa kidogo. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, mwaka wa tisa huu nafanya usiku, na hapo siwapingi. Tangu 1980 kulikuwa na sheria ya kulazimisha majimbo yalipe kiwango kinachotosha, ikafutwa 1997, sasa kila jimbo linapanga lake. Na kwa wazee walio kwa hizi nyumba, karibu sita kwa kila kumi wanalipiwa na hiyo Medicaid, maana Medicare, bima ya serikali ya wazee, ambayo watu wanadhani itawabeba mwisho wake siku 100 na lazima uwe umelazwa hospitali kwanza.

Lakini mbona mliongea na mabosi peke yao? Juzi tulikuwa wawili floo nzima, kengele zinalia rumu tatu, mwenzangu yuko huko mwisho wa korido anageuza mzee wa kugeuzwa na watu wawili, amemgeuza peke yake mpaka mgongo ukamshika. Glavu za saizi yangu ziliisha Jumanne. Sasa mwenye nyumba anasema ana hasara, sawa, lakini kuna wale wana kampuni nyingine pembeni ndiyo inamiliki jengo, anajilipa kodi ya pango mwenyewe, mfuko wa kushoto unaingia wa kulia, halafu anaenda kuomba aongezewe. Jimbo lina sheria tangu 2020 ati asilimia 75 ya mapato iende kwa huduma ya wazee. Hiyo asilimia waje waihesabie kwetu saa nane usiku, wahesabu vichwa vya wafanyakazi tu, wasiangalie makaratasi.

Na wazee wenyewe hakuna aliyewauliza. Ukiwa Medicaid pensheni yako inaenda yote kwa nyumba, unaachiwa dola 72.80 kwa mwezi, hapo utoe simu, kusukwa ama kukatwa nywele, soksi, zawadi ya mjukuu. Kuna nyanya mmoja ngozi yake inapasuka wakati wa baridi, losheni ya hapa ni maji matupu, akanitolea dola tano zimekunjwa ndani ya tishu nimletee nzuri. Nikamrudishia, kuchukua pesa ya mzee ni kufutwa. Losheni nilimletea tu, na hiyo pia hairuhusiwi, kwa hivyo jina langu msiweke.

CNA wa usiku, Lowell