Kabla ya kununua roboti ya kudunga panya

Mhariri,

Maabara inayopima dawa za malaria kwa panya weupe ikishawishiwa kununua roboti ya kudunga mkia, imuulize muuzaji swali moja: mashine hiyo inajuaje kwamba ncha ya sindano imo ndani ya mshipa? Akijibu kwamba ina kamera nzuri, aendelee na safari yake.

Uzito wa jambo hili uko kwenye majibu ya utafiti. Katika jaribio la dawa la siku nne panya huambukizwa kwa damu yenye Plasmodium berghei, kimelea cha malaria kilichogunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948. Utaratibu ukitaka kiingie mshipani, kisha nusu ya damu yenye vimelea ikabaki kwenye nyama ya mkia, siku ya nne panya huyo ataonekana ana vimelea vichache. Kama yumo kwenye kundi la dawa, dawa ya mizizi inayopimwa itapewa sifa ambayo ni ya sindano iliyokosea. Na kundi mara nyingi ni panya watano tu.

Vena (mishipa ya damu) zinazodungwa ni mbili, moja kila ubavu wa mkia. Sindano ya geji 30 ina unene wa milimita 0.3, ya geji 27 milimita 0.4, kwa hiyo kosa la unene wa unywele linatosha kuutoboa mshipa hadi upande wa pili. Mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, husaidia kuuona, kwa kuwa damu hunyonya mwanga huo kuliko ngozi na vena hutokea kama mstari mweusi, hata kwa panya weusi ambao mishipa yao hatuioni kwa macho. Lakini picha haionyeshi vizuri kina. Ndiyo maana wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika mtambo waliouchapisha mwaka 2015, waliongeza kipima presha. Majimaji yakisukumwa polepole wakati sindano inaingia, presha hupanda ncha ikiwa kwenye nyama na hushuka ghafla ikifika kwenye mshipa. Kwetu sisi, hicho kipima presha ndicho chenye thamani kuliko mkono wa chuma.

Tatizo lisilotajwa na wauzaji ni mrija wa mpira unaotoka kwenye pampu ya kusukuma dawa hadi kwenye sindano. Kwa kipimo cha kawaida cha mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, panya wa gramu 20 hupewa mililita 0.1. Mpira wa sentimita 30 wenye tundu la nusu milimita hubeba karibu mililita 0.06. Ukiujaza maji ya chumvi badala ya dawa, zaidi ya nusu ya dozi haitamfikia mnyama. Mpira laini nao huvimba presha ikipanda, na kipimo kinadanganya. Tumieni mfupi, mgumu, uliojazwa dawa yenyewe, usio na kiputo cha hewa.

Halafu kuna joto, ambalo roboti haina ujanja nalo. Mkia wa baridi umebana mishipa yake. Uwekwe kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika moja au mbili, ukaushwe, ndipo udungwe. Taa ya joto iliyosahauliwa juu ya kizimba huua panya.

Kwa bajeti zetu tungeanza na taa ya infraredi, pampu ya polepole yenye kipima presha kinacholia, na sindano ibaki mkononi mwa fundi: mdomo wa sindano ukitazama juu, imelazwa karibu sambamba na mkia, kuanzia theluthi ya mwisho ya mkia, upande wa nchani. Ukikosea, sogea kuelekea mwilini, usirudi nyuma, maana dawa itavujia kwenye tundu la kwanza. Ngozi ikituna na kuwa nyeupe, acha kusukuma hapo hapo. Na panya huyo aandikwe daftarini kwamba alikosewa, hata kama jaribio la pili lilifaulu.

Mafundi wa maabara ya wanyama,
Dar es Salaam